Kipimo Nilichokitia Sufuriani

Nyinyi vijana mnaolala na simu chini ya mto, mkaishika asubuhi kabla hamjawaamkia wazee wenu, haya nayaandika kwa ajili yenu. Kama mna kicheko, kichekeni sasa. Mkimaliza mkae vizuri msome, kwa sababu mie sina mzaha na jambo hili.

Sikusoma sana. Chuo cha Kurani nilihitimu, nikajua herufi za Kiarabu. Hizi za kizungu nilizipata ukubwani, darasa la watu wazima, mtoto mmoja mgongoni na mwengine akinivuta kanga. Kwa hiyo mkikuta neno limekaa upande, liacheni likae. Sitafuti kusifiwa. Nataka kusema kitu nilichokifanya, ambacho kila nikikikumbuka huteremsha ushungi mpaka machoni, hata nikiwa peke yangu chumbani.

Kitu chenyewe ni cha mnara wa simu.

Siye twakaa bondeni, huku Pemba, upande wa Ole. Mnara ulisimamishwa miaka ile ya vyama vingi, katika shamba la mkwe mwenzangu, mama wa mke wa mwanangu. Mume wake alishafariki, na waliokuja kutafuta pahala pa mnara walikubaliana naye mwenyewe. Kutoka mlangoni kwangu mpaka kwake ni mwendo wa kumaliza tasbihi moja, ukienda bila ya haraka. Kabla ya mnara, mtu akitaka kuzungumza na jamaa zake walio Tanga au Unguja alikuwa apande kilimani, asimame kwenye kichuguu, anyooshe shingo kama kuku anayekunywa maji. Mnara ulipokuja watu wakawa wanazungumza wamekaa vibarazani kwao. Hilo nalisema kwa haki yake.

Na jengine nalisema sasa hivi, nisije nikalizunguka. Shamba lile lilikuwa la babangu. Mashamba yalipogaiwa eka tatu tatu baada ya Mapinduzi, pale pakaangukia kwa watu wa mkwe mwenzangu, ambao wazee wao walikuja kutoka bara na kuchuma karafuu za babangu. Mie nilikuwa mtoto. Babangu hakulitia neno mpaka anakufa, lakini mie nilitia. Mwanangu alipokuja kusema anamtaka binti wa nyumba ile, nilikubali shingo upande. Na vyama vilikuwa vimeshakuja, wao wakawa na chama chao na siye chetu, na kila uchaguzi ukipita tunakaa miezi hatuamkiani. Duka la mtu wa chama kile hununui. Yalikuwapo hata maziko watu waliyasusa, na hilo Mungu atatuuliza.

Basi mwaka ule ule wa mnara, mkaza mwanangu, binti huyo wa nyumba ile, alikwenda kwa mamake kukaa siku mbili, na huko mimba yake ya kwanza ikaharibika. Miezi mitatu tu ilikuwa. Nikajumlisha mwenyewe: kalala chini ya mnara, mimba imetoka. Sikumuuliza daktari wala mkunga. Nilikwenda kisimani nikasema, nikaenda harusini nikasema, na nilipokuwa nasema walikuwa wakinisikiliza, maana mie ndiye mpishi mkuu wa shughuli zote za hapa. Wanawake wakaanza kuniletea zao. Mmoja kichwa chamuuma, mwengine kuku wake kaatamia mayai yote yakaoza, mwengine mumewe hamtazami tena. Yote nikayapandisha mnarani. Wa chama chetu wakasema mnara una sumu, wa chama kile wakasema mnara ni maendeleo, na baada ya hapo hakuna aliyetaka kujua ukweli ni upi. Tukaandika barua kwa sheha, mkubwa wa mtaa wetu, ili wenye kazi yao waje kupima. Jina la mwanzo kwenye barua ile ni langu.

Zikapita siku nyingi hawaji. Mkaza mwanangu akashika mimba nyengine, na hii ikakaa. Alipoingia mwezi wa nane, mwanangu akaja kutoka Wete, anakosomesha, akakaa mbele yangu kwa adabu.

"Mama, siku zimekaribia. Nataka nimpeleke kwao."

"Kwao wapi?"

"Kwa mamake, mama. Mtoto wa kwanza huzaliwa kwao mke. Si ndiyo desturi?"

"Desturi iliwekwa kabla ya mnara."

"Lakini, mama..."

"Lakini ya nani? Yako au ya mkeo?"

Mwanangu ni mtu mzima, wanafunzi wake humwogopa, lakini kwangu alikuwa akinyamaza, na mie nilikuwa nikiona ni fahari. Nyinyi mnajua, na kama hamjui nawaambia, kwamba mzazi wa mara ya kwanza hukaa kwa mamake siku arobaini. Mama ndiye amkandaye kwa maji ya moto, amfunge tumbo, amnyweshe uji wa pilipili manga, amfundishe kumshika mtoto. Mkwe haifanyi kazi hiyo, hata awe mwema vipi, kwa sababu mtu anayekandwa huwa uchi na analia, na kuna vilio vya mbele ya mama tu. Nilikuwa nayajua yote hayo. Nikamnyima.

Wiki chache baadaye, siku ya Jumatano, wapimaji wakaja. Walikuwa wawili, dereva na binti mmoja wa Unguja, kavaa baibui na viatu vya kamba, ndiye mwenye ujuzi. Nilidhani atakuwa ana majivuno, hakuwa nayo. Alikwenda kwa mkwe mwenzangu akaweka kisanduku uani kwake, kisha akaja kwangu na kisanduku cha pili, cheupe, kimo chake kama redio ya betri, akakiweka juu ya kiti uani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Chala nini hicho?"

"Hakili kitu, Bibi. Kinasikiliza mawimbi ya mnara na kuandika ndani yake, mchana na usiku. Wiki mbili nitarudi kukichukua, tusome pamoja."

"Kikisikiliza, si ndiyo kinayaita?"

Akacheka, si kwa dharau. "Hakiyaiti, Bibi. Sikio haliiti adhana. Ikija linaisikia."

Akaniambia kisiguswe, kisihamishwe, kisifunikwe. Mambo matatu, na nilimwitikia yote matatu.

Gari lao halijafika barabarani, nikaanza kufikiri. Taa ukiiwasha baada ya mvua, kumbikumbi hujaa. Sasa mtu akuletee uani kwako chombo kinachopenda mawimbi, na ndani mna mja mzito, ukiache hivi hivi wazi? Nilikwenda stoo nikatoa sufuria langu la shughuli, lile kubwa la kupikia wali wa harusi, ambalo mtaa mzima wameshakula kutoka ndani yake. Nikakitia kisanduku ndani, nikafunika kifuniko chake cha bati, nikaweka jiwe juu. Nikapangusa mikono. Nilijiona nina akili kuliko yule binti na skuli zake zote.

Ijumaa mkaza mwanangu akashikwa na uchungu, akapelekwa hospitali ya Wete, akazaa mtoto mwanamume, salama. Jumamosi akarudishwa. Kwangu.

Jumapili asubuhi nasikia hodi. Nilimjua kwa sauti. Nikatoka mwenyewe nikasimama kizingitini. Mkwe mwenzangu kashika kifurushi kwapani: kanga mpya, chupa ya samli, pilipili manga, majani ya kukandia. Alikuwa anahema, nadhani alikuja mbio.

"Nimekuja kumkanda mwanangu."

"Umetoka wapi?"

"Mbona waniuliza hivyo, mkwe wangu? Nimetoka kwangu."

"Basi umekuja na mnara wako."

"Mie mnara siubebi kichwani."

"Huubebi kichwani, lakini umelala chini yake tangu uliposimamishwa. Nguo zako zimelala chini yake. Humu ndani mna kitoto cha siku tatu."

"Kitoto cha nani? Si changu na mie?"

"Subiri wapimaji warudi. Wakisema hapana neno, utakuja."

Akanitazama. Hakunitukana, ingawa alikuwa na haki. Alisema, "Wiki nzima na zaidi, mwanamke ametoka kuzaa juzi, hana mama. Haya. Mwambie tu kama nimekuja." Akakiweka kifurushi barazani akaenda zake.

Kifurushi kile, nisikilizeni, nilikianika juani siku mbili nzima. Kisha nikakifukiza udi. Nilikuwa naona natoa mawimbi.

Nilipoingia ndani, mkaza mwanangu kalala kaelekea mlangoni, uso umevimba. Akaniuliza, "Mama, mamangu kaja?"

Nikasema, "Hajaja."

Neno moja tu. Sikulipanga, lilitoka kama mtu anavyofukuza nzi. Ningeweza kusema amekuja na nimemrudisha, nikagombana na mkaza mwanangu, yakaisha. Niliona uzito wa kujieleza, nikachagua uongo mwepesi. Yeye akageukia ukutani. Sikumwona kulia, lakini maziwa yalichelewa, mtoto akawa anasumbuka, na mie nilikuwa namkanda mwenyewe, yeye akikaza meno bila ya kutoa sauti. Nikimwambia, "Lia, mwanangu, hapana ubaya," anasema, "Sina la kulia, mama." Nilidhani ni ushupavu. Kumbe alikuwa anaamini mamake amemsusa kwa sababu ya chama.

Alhamisi ikawa siku ya saba, akika. Mbuzi alichinjwa baada ya sala ya alfajiri, na wali ulitakiwa upikwe ndani ya sufuria la shughuli, hakuna jengine la kutosha. Jirani yangu wa pili, aliyekuja kunisaidia kupika, alisimama kulipokea. Nikaondoa jiwe, nikafunua, nikatoa kisanduku nikakiweka juu ya kiti.

"Hicho kimetaga humo?" jirani akasema.

"Nyamaza, washa moto."

Watu wakaja, wakala, wakasoma, wakamwombea mtoto. Watatu waliniuliza, bibi yake mtoto wa upande wa pili yuko wapi. Nikasema miguu yamuuma. Uongo wa pili, na huu niliusema na sahani ya watu mkononi. Alasiri ilipokwisha niliosha sufuria, nikalikausha, nikakirudisha kisanduku ndani na jiwe juu.

Jumatano ya pili yule binti akarudi. Alikusanya visanduku vyote viwili, cha kwangu nikiwa nimeshakiweka juu ya kiti kabla hajafika, akatuomba tukutane darasani, skuli. Sheha akaja, na watu wa vyama vyote wakaja, wakakaa mbali mbali kama walivyozoea. Binti akaunga visanduku kwenye kompyuta yake, akaandika, kisha akachukua chaki akachora mistari miwili ubaoni ili tuone sote.

"Huu wa kwanza ni wa nyumba iliyo chini ya mnara," akasema. Ulikuwa mstari wa chini unaocheza cheza kidogo, usiku umetulia, jioni umenyanyuka. "Na huu ni wa nyumba ya Bibi." Huo ulitambaa ardhini kabisa.

Nikanyanyuka. Ndiyo, nilinyanyuka, kabla hajamaliza. Nikawageukia watu nikasema, "Mwaona? Kwangu safi. Sumu yote i kule kwao." Wa upande wetu wakaitikia.

"Kaa kidogo, Bibi, sijamaliza," binti akasema. Akaendeleza chaki. Mstari wangu ukatambaa, ukatambaa, kisha ukaruka juu ghafla, ukaupita mstari wa mkwe mwenzangu, ukakaa huko, ukaanguka tena chini. "Hapa ni Alhamisi, tangu asubuhi mpaka alasiri. Siku nyengine zote chombo hiki ni kama kilikuwa kimefungiwa ndani ya chuma. Bibi, Alhamisi mlifanya nini?"

Darasa zima likawa linahesabu siku. Jirani yangu ndiye aliyesema, naye hakutaka ubaya, ni mtu asiyeweza kukaa na neno.

"Alhamisi si akika! Sufuria lilikuwa jikoni!"

"Sufuria gani?" sheha akauliza.

"La shughuli. Hicho kidude kilikuwa kinakaa humo ndani. Mie ndiye niliyemwona akikitoa."

Mzee mmoja nyuma akapiga paja. "Bi mkubwa kaupika mnara!"

Wakacheka. Wa chama kile walicheka, wa chetu walicheka, na nafikiri ilikuwa mara ya kwanza tangu uchaguzi kucheka jambo moja. Hata sheha alijifuta macho. Mie nilisimama vile vile, sijui kukaa wala kutoka.

Yule binti hakucheka. Akasema kuogopa si kosa, kosa ni kukifunga kipimo macho kisha tukataka kitwambie kinachoona. Akaeleza kwamba mnara haumwagi mawimbi yake chini ya miguu yake, huyarusha mbali. "Ni kama spika za msikitini," akasema. "Aliyekaa chini yake hazimpigi kama zinavyompiga wa ng'ambo ya bonde." Kwa hiyo kwangu ni mengi kidogo kuliko kwa mkwe mwenzangu. Tena hata hayo ya kwangu, ya Alhamisi, ni madogo mno mbele ya kiasi kilichowekwa ili kisipitwe. Akasema mijini huko, ambako kila kitu kimeungwa na simu, vipimo kama vile vimeanza kukaa juu ya mapaa mwaka mzima, na mtu akitaka hutazama mwenyewe ni kiasi gani, bila ya kumuuliza jirani wala chama. Na tukiwa na shaka tena tuandike, watakuja.

Mkwe mwenzangu alikuwa amekaa dirishani. Hakucheka na yeye. Akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mwanangu, nauliza. Kwangu mie, pale pale chini, mzazi na mtoto mchanga wanaweza kulala?"

"Wanaweza, mama. Hata jana wangeweza."

"Ahsante," akasema, akajitanda kanga yake akatoka. Alinipita karibu, mkono wake ukagusa wangu. Hakunitazama.

Ningependa kuwaandikia kwamba nilimkimbilia. Sikumkimbilia. Nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma, ya migombani, ili nisikutane na mtu. Nikawa najisemea kwamba nilikuwa na hofu kwa ajili ya mjukuu, na maneno hayo yakawa hayashiki. Hofu ilikuwapo, siikatai. Lakini mtu mwenye hofu tu angekiacha kipimo kipime. Mie nilishajua jibu nilitakalo tangu siku ya barua. Nililitaka shamba la babangu liwe na sumu, maadamu si letu tena. Na kwa ajili hiyo nikamwacha mtoto wa mtu azae, akae siku kumi anaamini hana mama.

Nilimkuta ananyonyesha, mkeka uko chini, mwanangu kakaa pembeni yake. Sikukaa. Nilijua nikikaa nitazunguka.

"Mamako alikuja," nikamwambia. "Jumapili ile. Alikuja kukukanda nikamrudisha mlangoni, na weye ukaniuliza nikakwambia hajaja. Nilisema uongo."

Mwanangu akainama. Mkewe alimtoa mtoto ziwani polepole, akamfuta mdomo, akamlaza begani.

"Nilimsikia," akasema.

"Ulimsikia?"

"Nilimsikia akisema mnara haubebi kichwani. Ndipo nikakuuliza. Uliposema hajaja, nikasema basi ni homa inanisemesha. Nimelala siku zote hizi nikidhani akili yangu imeharibika."

Naye hakupandisha sauti, hakunilaani. Aliniuliza kwa adabu ile ile niliyomlazimisha nayo tangu siku alipoingia nyumbani kwangu:

"Sasa, mama, nina ruhusa ya kwenda?"

Hilo ndilo linalonipandisha joto usoni mpaka leo kuliko kicheko cha darasa zima. Mtu anaomba ruhusa ya mamake kwangu.

Nikatoka ukumbini nikawaita wote waliomo ndani, mwanangu, binti zangu, na shangazi yao, nikawaambia: "Fungeni vitu vya mzazi vyote, msibakishe hata kitambaa. Anakwenda kwa mamake sasa hivi, na huko atakaa mpaka arobaini yake itimie, na yeyote wa nyumba hii atakayelitaja neno mnara mbele yake nitamtoa mlangoni kwa mkono wangu. Mtoto nambeba mie. Na tukifika asinitangulie mtu. Hodi nitapiga mwenyewe."